Bei ya WH-1000XM6 Inapimwa kwa Mizani Isiyo Yake

Sony ilipotoa hedifoni yake mpya ya WH-1000XM6 mwezi Mei 2025, bei yake ya dola 450 nchini Marekani ilizungumzwa kuliko hedifoni yenyewe. Toleo lililotangulia, WH-1000XM5, liliingia sokoni Mei 2022 kwa dola 400, na la kabla yake, WH-1000XM4, lilianza kwa dola 350 mwaka 2020. Ukizipanga namba hizo tatu unapata ngazi iliyonyooka, dola 50 kwa kila toleo, na ni rahisi kuhitimisha kwamba kampuni imejua wateja wake hawana pa kukimbilia na sasa inawakamua taratibu. Miezi minne baadaye kampuni shindani ya Bose nayo ilitoa toleo la pili la hedifoni yake ya QuietComfort Ultra kwa takriban dola 450, kutoka 430 za toleo la kwanza, na hitimisho hilo likazidi kupata nguvu. Upande wa pili wako waliolipa bila kusita, kwa imani kwamba kitu kilichopanda bei lazima kiwe kimepanda ubora, hasa ubora wa sauti. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea kipimo. Ongezeko lenyewe ni dogo kuliko linavyoonekana, na yapo mambo ndani yake yanayostahili kulipiwa. Sauti si mojawapo ya mambo hayo. Na mpinzani anayeifanya bei hii iwe ngumu kutetea hatoki kampuni nyingine. Anatoka nyumba hiyohiyo.

Tuanze na ile ngazi ya bei, kwa sababu imeanziwa katikati. Hedifoni ya kwanza ya ukoo huu, MDR-1000X, ilitoka mwaka 2016 kwa dola 400. Mrithi wake wa mwaka uliofuata alishushwa hadi dola 350, na bei hiyo ikadumu kwa matoleo matatu mfululizo. Kwa hiyo XM5 haikuvunja mwiko wowote ilipouzwa kwa dola 400. Ilirudi pale ukoo ulipoanzia. Halafu kuna mfumko wa bei. Kwa kipimo rasmi cha Marekani, dola 400 za mwaka 2016 zilikuwa sawa na zaidi ya dola 500 kufikia katikati ya 2025, dola 350 za Agosti 2020 zilikuwa kama 430, na dola 400 za Mei 2022 zilikuwa zinakaribia 440. Ukiipima kwa fedha za wakati mmoja, XM6 ilizinduliwa kwa bei iliyo chini ya ile ya mzee wa ukoo, na tofauti yake na XM5 ni kama dola kumi. Uingereza, ambako bei ilitoka takriban pauni 380 hadi 400, ongezeko halikufikia hata mfumko wa bei wa miaka hiyo mitatu.

Hoja hii ina mpaka wake, na anayeitumia ni vyema auone. Kipimo cha mfumko hujumlisha chakula, kodi ya nyumba, nauli na mengineyo, ilhali vifaa vya kielektroniki vimezoea kwenda kinyume, kwa maana kwamba uwezo uleule hupatikana kwa fedha pungufu kadiri miaka inavyosonga. Aidha, mtu ambaye mshahara wake haukupanda hafarijiki kuambiwa kwamba dola 450 za leo ni dola 400 za juzi. Kinachothibitishwa na hesabu hii ni kwamba bei haikurukaruka. Kama thamani ipo au haipo, hilo ni swali jingine, na jibu lake limo ndani ya kifaa.

Kilichobadilika zaidi ndani ya XM6 ni namna inavyofuta kelele, na kazi hiyo inastahili kuelezwa polepole kwa sababu ndiyo sehemu kubwa ya kinacholipiwa katika daraja hili la hedifoni. Maikrofoni zilizo nje ya kikombe kinachofunika sikio hunasa mvumo unaokuja, chipu hutengeneza wimbi lililo kinyume chake kabisa, na spika hulitoa ili mawimbi mawili yakutane mbele ya sikio na kuuana. Fikra yenyewe ni kongwe: Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza ya Marekani kwa ajili yake mwaka 1936, ingawa ilichukua zaidi ya nusu karne kabla Bose haijauza hedifoni yake ya marubani mwaka 1989. Kinachosumbua ni muda. Wimbi la hezi 100, mfano wa mngurumo wa injini, lina urefu wa zaidi ya mita tatu, hivyo chipu ina nafasi ya kulisoma na kulijibu kabla halijapita. Wimbi la hezi 3,000 lina sentimita kama 11 tu. Jibu likichelewa kidogo mno, wimbi la kinyume hufika wakati lile la kwanza limekwishageuka, na badala ya kufutana huongezeana. Ndiyo sababu hedifoni hizi zimekuwa hodari mbele ya ndege na mabasi lakini zikawa dhaifu mbele ya mazungumzo, kilio cha mtoto au sahani zinazogongana, sauti ambazo hupunguzwa zaidi na unene wa kikombe na sponji kuliko na chipu.

Hapo ndipo maikrofoni 12 za XM6, kutoka 8 za XM5, na chipu mpya iitwayo QN3 zinapopata maana. Sony inasema QN3 ina kasi zaidi ya mara saba ya QN1. Msomaji asome sentensi hiyo mara mbili, kwa kuwa QN1 ni chipu iliyoingia na WH-1000XM3 mwaka 2018, na XM5 iliitumia ikiwa na chipu ya pili ya kuisaidia. Isitoshe, kasi mara saba haimaanishi ukimya mara saba. Sikio la binadamu huhisi kelele imepungua nusu pale inaposhuka kwa desibeli 10 hivi, na hakuna toleo jipya linaloongeza kiasi hicho juu ya mtangulizi aliye hodari tayari. Nilizivaa XM5 na XM6 kwa zamu mchana mmoja. Mbele ya feni iliyokuwa ikizunguka sikuweza kuzitofautisha hata kidogo. Watu wawili walipoanza kuzungumza meza ya jirani, ndipo tofauti ilipojitokeza: kwenye XM5 niliyashika maneno yao, kwenye XM6 nilibaki na mnong'ono usio na silabi. Kwa anayefanya kazi katikati ya watu wanaoongea kutwa, badiliko hilo ni kubwa. Kwa anayetafuta utulivu wa ndege peke yake, alikuwa nao tangu zamani.

Kuna hoja ya upande wa wanunuzi ambayo husikika mara chache, nami naiona nzito kuliko zote. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila zinapoongezeka desibeli tatu, muda ulio salama hupungua nusu, kwa hiyo kwenye 83 zinabaki saa 20 na kwenye 86 zinabaki 10. Msikilizaji aliye ndani ya basi lenye kelele hupandisha sauti ili muziki ushinde mngurumo, na hufanya hivyo bila kujijua. Hedifoni inayouondoa mngurumo kwanza humwezesha kusikiliza kwa sauti ya chini, na usikivu ukishaharibiwa na kelele haurudi. Hata hivyo, uaminifu unatudai tukiri kwamba hoja hii inatetea teknolojia ya kufuta kelele kwa jumla. Haitetei toleo la sasa dhidi ya toleo la juzi, na hedifoni nyingi za nusu ya bei hii hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyohiyo.

Sasa sauti. Hoja kwamba dola 50 za ziada zinanunua muziki bora ndiyo dhaifu kuliko zote zinazotolewa kuitetea bei hii, na inashangaza kwamba ndiyo pia inayotolewa mara nyingi zaidi. Mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha katika jarida la Chama cha Akustika cha Marekani vipimo vya hedifoni 283 za aina na bei mbalimbali, akitafuta uhusiano kati ya bei na namna kila moja inavyotoa masafa ya sauti, kutoka besi hadi sauti nyembamba. Hakuupata. Utafiti wa Sean Olive na wenzake katika kampuni ya Harman ulikuwa umeshaonyesha kwamba wasikilizaji wengi, wasipojua wanasikiliza hedifoni gani, hupenda mwelekeo mmoja wa sauti unaofanana, na mwelekeo huo hauna siri wala hauhitaji madini adimu. Katika hedifoni za aina hii sehemu kubwa ya sauti inayofika sikioni hutengenezwa na programu. XM6 inakuja na marekebisho ya sauti yenye vidhibiti kumi kwenye programu ya simu, jambo jema sana, lakini ni jambo linalokiri lenyewe kwamba ladha ya sauti hurekebishwa kwa kidole. Sony inasema iliwashirikisha wahandisi mahiri wa kurekodi muziki katika kuipanga sauti ya toleo hili, na sina sababu ya kulidharau hilo. Nami naipenda besi yake iliyotulia. Ila mapendeleo yangu hayawezi kugeuzwa ankara kwa mtu mwingine.

Wapo watakaotaja LDAC, mfumo wa kusafirisha sauti kwa Bluetooth unaofikia kilobiti 990 kwa sekunde, wakati SBC, ule wa kawaida uliomo katika kila kifaa, huishia 328. Ni kweli, lakini LDAC ilikuwemo katika ukoo huu tangu mwanzo, hivyo si mali ya toleo jipya. Simu za iPhone haziitumii kabisa, kwa hiyo mwenye simu hiyo analipia kitu asichoweza kukiwasha. Na palipohitaji kuongezwa kitu hapakuongezwa. Toleo la pili la Bose hupokea sauti isiyobanwa kupitia waya wa USB-C, na hedifoni za Apple, AirPods Max za USB-C, zilizotoka 2024, zilipata uwezo huo kwa sasisho la programu mwaka 2025. Tundu la USB-C la XM6 linachaji tu. Anayetaka waya atumie ule mwembamba wa milimita 3.5. Kwa hedifoni iliyotozwa dola 450, hilo ni pengo, na sijaona maelezo yanayoliziba.

Wapinzani wa bei nao wana hoja yao nyepesi, ile inayosema kwamba plastiki, chipu na spika zilizomo ndani hazifiki hata robo ya bei, kwa hiyo bei ni wizi. Hata kama hesabu ya vipuri ingekuwa sahihi, haiwalipi wahandisi walioandika programu, haigharimii sasisho zinazoendelea kuja kwa miaka, haimpi muuza duka sehemu yake wala haihudumii dhamana. Mnunuzi hanunui gunia la vipuri. Hoja yao nzito iko kwenye bawaba. XM4 ilikuwa ikijikunja na kuwa furushi dogo. XM5 iliuondoa uwezo huo, vikombe vikawa vinageuka kulala bapa tu, na kasha lake likawa kubwa hadi kula nafasi ya vitabu viwili kwenye mkoba. XM6 inajikunja tena, kwa bawaba iliyoimarishwa kwa chuma, na kasha limepata mfuniko wa sumaku badala ya zipu. Kitufe cha kuwasha sasa ni duara, tofauti na cha kudhibiti kelele kilicho kirefu, kwa hiyo kidole hakikosei tena gizani. Mabadiliko haya yote nayafurahia ninapoishika mkononi, lakini mkosoaji anaposema kwamba tunauziwa upya kile tulichonyang'anywa mwaka 2022, sina jibu la kumpa. Kusahihisha kosa ni wajibu wa mtengenezaji, na ni haki ya mteja kukataa kulihesabu sahihisho kuwa zawadi.

Hapo tunafika kwenye lile kosa la kipimo nililolitaja mwanzoni. Mjadala wote umejengwa juu ya tofauti ya dola 50 kati ya bei mbili za siku ya uzinduzi, bei ambazo hazikukutana dukani mara nyingi. Kabla XM6 haijawekwa kwenye rafu, XM5 haikuwa ikiuzwa kwa dola 400 kila siku. Ilikuwa imeshushwa mara kwa mara, na katika misimu ya punguzo imeuzwa chini ya dola 300. Tofauti anayokumbana nayo mnunuzi halisi inaweza kuwa dola 150 au zaidi, na kwa fedha hizo anaongezewa mnong'ono mahali pa maneno, bawaba inayojikunja, simu zinazosikika vizuri zaidi upande wa pili na vitufe vilivyopangwa kwa akili. Vilivyo muhimu zaidi viko sawa: betri ni ya saa 30 kwenye zote mbili kelele ikiwa inafutwa, uzito ni gramu 254 kwa 250, na spika ni za milimita 30. XM6 yenyewe haikumaliza mwaka kabla ya kuonekana ikiuzwa chini ya dola 400. Bei ya siku ya kwanza ni ya mwenye haraka, na haraka hiyo haiongezi chochote ndani ya kikombe.

Kwa hiyo mwenye XM5 iliyo nzima sioni kinachomtoa huko. Mwenye XM4 ana sababu zaidi kidogo, ingawa hedifoni yake bado ni nzuri na inajikunja. Mtu asiye na hedifoni kabisa, anayeshinda saa nyingi kwa siku palipo na mazungumzo, huyo XM6 inamfaa, nami ningemshauri aisubiri ishuke kwanza.

Ipo hesabu nyingine ambayo sisi wanunuzi tumeipa mgongo, na ndiyo ingeweza kuigeuza bei hii kuwa halali bila ubishi. Dola 450 kwa miaka mitatu ni 150 kwa mwaka. Kwa miaka sita ni 75. Hedifoni ya waya ya zamani ingeweza kudumu miaka ishirini kwa kubadilishwa waya na sponji. Ya sasa ina saa iliyofichwa ndani yake. Chukulia betri inayostahimili mizunguko 500 ya kuchaji kabla ya kudhoofika waziwazi. Kwa saa 30 kwa kila chaji tunapata saa 15,000, ambazo kwa mtu anayesikiliza saa nne kila siku ni zaidi ya miaka kumi. Kwa matumizi pekee, basi, betri ingedumu. Huuawa na umri, joto, na kukaa imejaa au imeisha kabisa kwa miezi mingi. Hedifoni niliyoitumia zaidi maishani, ya kampuni nisiyotaka kuitaja, ilianza kuharibika kwenye sponji: ngozi bandia ikachanika pembeni, kisha kila nilipoivua nikawa nakuta vipande vyeusi vimenata shingoni na kwenye ukosi wa shati. Sponji nilibadilisha kwa dakika tano. Betri ilipokufa mwaka wa nne, fundi aliigeuzageuza, akatafuta skrubu za kuifikia betri, akanirudishia akiniambia kwamba kuifungua ni kuivunja. Spika zake zilikuwa nzima kabisa.

Umoja wa Ulaya umeligusa jambo hili kwa sheria. Kanuni yake ya betri namba 2023/1542 inataka, kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe kwa zana zinazopatikana madukani, isipokuwa vifaa vichache vilivyoachwa nje. Haiwezi kusemwa kwamba jambo hilo haliwezekani kiufundi. Kampuni ya Fairphone ilitoa mwaka 2023 hedifoni ya kufunika masikio inayofuta kelele, Fairbuds XL, ambayo betri yake huchomolewa kwa mkono na sehemu zake nyingine hununuliwa mojamoja, tena kwa takriban euro 250. Katika kufuta kelele haiifikii Sony wala Bose, na hilo lisifichwe. Inachothibitisha ni kwamba kikombe chenye mlango kinaweza kutengenezwa kwa bei ya kati, hivyo katika bei ya juu hakuna kisingizio cha kukifunga.

Tangu 2018 ukoo huu umekuwa ukipata mtoto kila baada ya miaka miwili au mitatu: 2018, 2020, 2022, 2025. Kwa mwendo huo toleo la saba lina kila dalili ya kukuta kanuni hiyo imeanza kufanya kazi katika soko lote la Ulaya, na bei yake itakapotangazwa, ile ngazi ya dola hamsini hamsini itatolewa kabatini na kujadiliwa tena. Mimi nitakwenda moja kwa moja kwenye kurasa za mwongozo zinazoeleza namna ya kubadilisha betri. Nikizikuta, na kikombe kikafunguka kwa bisibisi ya kawaida, nitakuwa tayari kulipa dola 500 kwa moyo mweupe kuliko nitakavyolipa 450 kwa maikrofoni ya kumi na tatu.